Kikao kimevunjika kwa sababu ya mchoro wa ukutani, tuchore wanyama tu yaishe?

"Shikamoo mwalimu. Sisi ni kikundi cha vijana 11 hapa Tanga, upande wa Ngamiani. Tumepata hela kidogo ya mradi wa kuchora ukuta wa mtaa, andiko letu tuliliita Sisi Ni Nani. Tukachora kwanza kwenye karatasi: mashua, mkonge, bibi kavaa kanga, na sura za wazee watatu waanzilishi wa mtaa. Tulivyopeleka kwenye kikao ikawa vurugu. Mzee mmoja kasema wawili kati ya hao watatu ni wakuja tu. Mwingine kainuka kasema babu yake alikuja kukata mkonge, yeye kazaliwa hapa na kazika wazazi hapa, mbona kwao hamna sura hata moja? Wa tatu hataki sura za watu kabisa maana ukuta unatazama msikiti. Mfadhili anataka ndani ya miezi miwili tuwe tumemaliza na mchoro uonyeshe umoja. Na ukuta wenyewe chini unamomonyoka na unatoa chumvi. Tuache? Au tuchore twiga na bahari yaishe?"

Marahaba mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilicheka kidogo, sio kwa kukudharau, ni kwa sababu na mimi nilishasimama hapo hapo uliposimama. Miaka hiyo nilikuwa na karatasi nzuri nimeikunja chini ya kwapa, nikaifungua kwenye kikao cha mtaa fulani ambao siutaji, baada ya dakika kumi watu wakawa wanatajiana makaburi ya babu zao. Nilirudi nyumbani nikajiona nimeshindwa kazi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kikao kile ndo ilikuwa kazi yenyewe na mimi nilikuwa sina daftari.

Kwahiyo kabla ya yote tulia. Unachoogopa wewe, kama nimekuelewa, ni kwamba mmewagombanisha watu. Hamjawagombanisha. Huo ugomvi ulikuwepo siku zote, ulikuwa unakaa barazani na misibani, kwenye maneno ya chini chini, nyie mmeufungulia mlango tu. Swali la nani mwenyeji na nani mkuja pwani yote lipo, Tanga halijaanza na karatasi yenu.

Sasa nikwambie mlipoteleza, na niseme wazi kwamba kuchora sio kosa, kosa liko kwenye swali mlilouliza. Ukimuuliza mtu "sisi ni nani" umemlazimisha achore mstari, huyu ndani yule nje. Alafu mkaweka sura tatu. Sura tatu ni viti vitatu, na mtaa una nyumba ngapi? Yaani hata mngechagua wazee wengine watatu, au saba, au kumi na mbili, bado kuna familia ingeinuka kuuliza sisi mbona hatupo, na ingekuwa na haki kabisa. Kiti kikikaliwa na mmoja mwingine anasimama. Hivyo ndivyo ilivyo hata msanii angekuwa bingwa kiasi gani.

Badilisheni swali. Msiulize nani, ulizeni wapi. Hapa palikuwa nini? Bomba la maji la zamani lilikuwa wapi, nani alikuwa anauza uji kwenye ile kona, mwembe waliokuwa wanakaa madereva ulikatwa lini, mlikuwa mnacheza mpira wapi kabla hapajajengwa, harusi ya kwanza unayoikumbuka turubai lilifungwa nyumba gani. Utashangaa. Yule mzee wa babu yake mkonge na yule anayewaita wenzake wakuja wote wana jibu, na jibu la mmoja halimwondoi mwingine, kwa sababu ramani haina viti. Kila mtu anaweka nukta yake inabaki pale, na nukta mbili zikigongana basi hadithi imenoga.

Hili sikulibuni mimi, na mfano ninaoupenda kuliko yote uko Cape Town kule Afrika Kusini. Kulikuwa na eneo linaitwa District Six, watu mchanganyiko, Waislamu Wakristo, Waafrika, machotara, Wahindi, wote wamebanana. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ya makaburu ikalitangaza eneo la wazungu tu, na miaka iliyofuata watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa, nyumba zikabomolewa. Mwaka 1994 wakazi wa zamani na wenzao wakafungua makumbusho ndani ya kanisa la zamani. Wangeweza kuweka masanamu ya watu maarufu. Wao wakatandaza sakafuni ramani kubwa ya mitaa yao iliyobomolewa, na watu waliofukuzwa wakija wanapiga magoti pale chini, wanatafuta nyumba yao ilipokuwa, wanaandika jina. Na kuna vitambaa virefu ambavyo mgeni anaandika neno lake kwa kalamu alafu baadae maandishi yanatiwa uzi, yanadariziwa. Mzee mzima akipiga magoti kutafuta kona aliyokuwa anauziwa andazi huwezi tena kumuuliza wewe ni kabila gani. Kashaonyesha kwao.

Na nyie mna bahati ambayo sijui kama mmeiona. Mitaa ya Ngamiani ina namba, barabara ya ngapi na ya ngapi, kwahiyo hakuna babu wa mtu aliyekaa kwenye kibao cha barabara. Jina lenyewe la Ngamiani ni penye ngamia, na ngamia nae tangu lini akawa mwenyeji wa Tanga, si mkuja tu huyo! Mkonge mliouchora kama alama ya nyumbani nao umeletwa, Mjerumani mmoja anaitwa Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, mingi ikafia njiani ikabaki 62 tu, hiyo 62 ndo ikazaa mashamba yote yale. Na hao waliokuja kuukata waliitwa manamba kwa sababu kila mtu alipewa namba, wakaletwa kutoka Kigoma, Songea, Iringa, wengine Burundi na Msumbiji, mpaka ikaanzishwa ofisi ya kukusanya vibarua, ile SILABU, mwaka 1944. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, huyu ambaye picha zake leo zinauzwa kama ndo sura ya Tanzania, alitoka Tunduru akapita kwenye mkonge wa Tanga huku kabla hajaenda Dar na kuanza kuchora 1968. Watu wanasema Tanga waja leo waondoka leo. Haya, walikuja leo, na wengi hawakuondoka, wajukuu zao ndo nyie mnaoniandikia.

Mzee anayesema fulani mkuja msimbishie. Muulizeni tu, yule mkuja wa kwanza unayemkumbuka alifikia nyumba gani? Atawaonyesha nyumba. Nyumba hiyo inaingia kwenye ramani. Mmemaliza.

Kuhusu umoja anaoutaka mfadhili. Najua picha aliyonayo kichwani, nimeichora mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri: watu wameshikana mikono kuzunguka dunia, njiwa anaruka juu. Picha ile haimuudhi mtu na hakuna anayeikumbuka. Pwani yetu umoja haukujengwa kwa kukubaliana, ulijengwa kwa kushindana. Mwanzoni mwa karne ya 20 miji yetu ilikuwa na ngoma ya beni, kundi la Marini huku la Arinoti kule, watu wamevaa kama maaskari na vyeo vyao, wanapigana vijembe mitaani, na mtu aliyetoka bara juzi akiingia kwenye kundi basi ana wenzake, ana wa kumzika. Baadae Tanga ikawa na vikundi vya taarabu, Black Star na Lucky Star, na mpaka leo ukitaka kujua mtu ni wa wapi muulize alikuwa upande gani. Mpinzani wako anakuthibitisha kwamba upo. Kwahiyo ukuta unaoonyesha bomba moja lina majina mawili kwa sababu pande mbili zinaliita tofauti ni umoja wa kweli kuliko njiwa. Hiyo hoja mpelekeeni mfadhili, na msione aibu.

Hapo hapo nirekebishe kitu kingine, hamjakisema ila nimekiona kwenye barua. Nyie mlichora kwanza alafu mkapeleka kwenye kikao. Mlidhani kushirikisha ni kuwaita watu waone, au siku ya kupaka rangi kuwapa watoto brashi. Watoto na brashi ni raha tupu, picha zinapendeza kwenye ripoti, lakini mtu hawi mwenye kazi kwa kupaka rangi ndani ya mstari uliochorwa na mwingine. Anakuwa kibarua bila malipo. Umiliki unakuja pale anapoamua kitu, hata kidogo, hiki kiwepo kile kitoke. Mchoraji Judy Baca kule Los Angeles, Marekani, kuanzia 1976 alisimamia mchoro wa ukutani wa kama nusu maili kando ya mfereji wa mafuriko, vijana zaidi ya 400 wamepita pale, wengi walikuwa wameshagusana na mahakama za watoto, wengine wametoka magenge yanayochukiana. Kabla ya rangi kulikuwa na kukusanya historia, kuulizana, kuchora rasimu. Rangi ilikuwa sehemu ya mwisho. Na ilichukua majira ya joto kadhaa, haikuisha kwa miezi miwili.

Kwa hiyo ningefanya hivi ningekuwa nyie. Ukuta uacheni kwanza. Nunueni marekani, kitambaa cha kawaida cheupe, mpeni fundi cherehani aunganishe vipande viwe kama shuka nne au tano, mchore mitaa yenu tu kwa mkaa au kalamu ya wino usiofutika, bila nyumba, mistari mitupu. Alafu kitembezeni. Jumamosi hii kwenye baraza la wazee wa bao, wiki ijayo kwa mama anayeuza mihogo, siku nyingine kwenye kikoba cha kina mama, siku nyingine kijiwe cha bodaboda na wale wa baiskeli (Tanga bila baiskeli si Tanga). Msiite kikao! Kikaoni mtu anaongea ili asikike, barazani anaongea kwa sababu amekumbuka. Wawili wakae na kitambaa, mmoja aandike anachoambiwa kwa maneno ya msemaji, na akiweza mwenyewe aandike kwa mkono wake. Kina mama wanaojua kudarizi wale wanaoshona kofia waombeni watie uzi yale majina, na walipeni, tafadhali, msiseme ni kujitolea wakati bajeti ina mstari wa usafiri wa mratibu.

Mkishazunguka mwezi hivi, mtaona wenyewe vitu gani vinajirudia. Hivyo ndo vinaenda ukutani, na hapo shida ya sura inajimaliza. Mzee anayekataa sura za watu mbele ya msikiti si mshamba na hawapingi nyie, ana msimamo wa dini yake ambao watu wengi wa mtaa wanao hata kama wamekaa kimya, na mtu anatoka kuswali kila siku mara tano anakutana na huo ukuta, wewe utaupita mara moja ukienda kazini. Msitafute njia ya kumzunguka. Tumieni vitu: ndoo, kibatari, mlango, kapu, baiskeli yenye kikapu mbele, jembe la mkonge, namba. Na maandishi! Sisi watu wa kanga tuna utamaduni mzima wa kusema kwa maandishi, kanga bila jina ni kitambaa tu. Ukuta wenye majina ya vitu na sentensi fupi walizosema wazee unaweza kuwa mzuri kuliko sura hamsini. Na nikwambie ukweli wa fundi, sura ya mtu ikichorwa vibaya familia haitakusamehe mpaka kaburini, ndoo ikipinda kidogo hakuna anayelalamika.

Sasa hicho kitambaa nacho kina hatari yake na lazima niiseme. Ukimuuliza mtu katoka wapi unaweza kugusa pasipoguswa. Kuna familia babu yao alitoka ng'ambo ya mpaka enzi za mkonge na karatasi zao mpaka leo hazijakaa sawa. Angalieni hapo jirani Kwale, upande wa Kenya, Wamakonde walikuja kufanya kazi mashambani tangu enzi za mkoloni wakakaa vizazi bila vitambulisho, mpaka Oktoba 2016 wakatembea kwa miguu kwenda Nairobi kudai ndo wakatambuliwa. Kwahiyo kwenye ramani andikeni mtu anakaa wapi na anakumbuka nini, asili yake aitaje mwenyewe akitaka, msimwandikie, msirekodi kwa simu bila kumwambia. Akija mtu akawaeleza kwamba hana kitambulisho au kuna kesi ya nyumba ya urithi, hilo funga daftari. Mpelekeni kwa wasaidizi wa kisheria, ana kwa ana, na ofisi ya NIDA ya wilaya kama ni suala la kitambulisho. Sisi wachoraji hatuna dawa ya hiyo na tukijifanya tunayo tunaweza kumuumiza mtu.

Pia kabla ya tone moja la rangi muwe na karatasi ya mwenye ukuta, iliyosainiwa, na barua ya serikali ya mtaa. Mwenye ukuta sio mpangaji anayekaa pale, ni mwenye nyumba, na kama nyumba ni ya urithi ni hao warithi wote. Nimeona mchoro umepakwa chokaa siku ya tatu kwa sababu kaka mkubwa alikuwa Dar hakuulizwa. Nendeni na kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri, yeye atawaambia vibali gani vinahitajika na kama mnatakiwa kujisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Kama ukuta ni wa jengo la zamani la enzi za Mjerumani, msiguse, anzeni na ofisi ya Mambo ya Kale. Na kwenye mkataba wa mfadhili tafuteni sentensi inayosema picha za mchoro ni za nani, maana kalenda zinachapwa na mtaa hauulizwi.

Tuje kwenye ukuta wenyewe. Chumvi mnayoiona ni maji yanapanda kutoka ardhini, yanabeba chumvi, yakifika juu yanakauka chumvi inabaki inasukuma plasta mpaka inapukutika. Tanga na bahari hii msishangae. Watu wengi wakiona hivyo wanakimbilia rangi ya mafuta wakidhani itaziba, kumbe ndo inafungia maji ndani, baada ya masika rangi inavimba kama malengelenge na inaondoka na mchoro wote. Jaribuni hivi: chukueni kipande cha nailoni kama karatasi ya daftari kubwa, kibandikeni ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne, kiacheni siku nzima na usiku. Mkikuta matone upande wa ndani, unyevu unatoka ukutani, hapo msipake. Chumvi iondoeni kwa brashi kavu, msioshe kwa maji, maana maji yanaiyeyusha na kuirudisha ndani. Na kama ukuta ni wa mawe ya zamani na chokaa, msikubali fundi awapigie plasta ya saruji juu yake, itakuwa balaa lile lile. Plasta mpya ya saruji kwenye ukuta wa matofali iacheni kama wiki nne ndo mpake rangi.

Mimi ningeuacha usawa wa chini, kama mita moja, bila mchoro kabisa. Pakeni chokaa ya kawaida inayopumua, na kila mwaka kabla ya Idi au siku mtakayochagua mnairudia wote, ni hela ndogo. Mchoro uanzie juu pakavu.

Je miezi miwili itatosha? Kwa haya yote, hapana. Mwambieni mfadhili mapema: miezi miwili mtampa kitambaa, daftari la kumbukumbu na onyesho la jioni moja mtaani, ukuta utafuata baada ya masika. Wengine wanakubali vizuri tu, kwa sababu wanachoogopa ni kukosa cha kuandika kwenye ripoti. Wengine watakataa. Akikataa mna njia mbili, kurudisha hela, au kuchora kitu kidogo kisichodai kusema mtaa ni nani, saa ya kuswali na kengele ya shule, ratiba ya maji, hata hao twiga wako. Twiga sio dhambi. Ila msiuite huo mchoro utambulisho wa mtaa, maana Ngamiani haina twiga, na yule mzee wa babu yake mkonge atapita hapo kila siku akijua mliamua hivyo ili msimsikilize.

Na inawezekana mkazunguka na kitambaa mwezi mzima watu wakawa wagumu, wakaandika majina sita tu. Imeshanitokea. Basi mna majina sita, yaonyesheni hayo sita, wengine hukasirika kuona hawapo wakaja wenyewe na kalamu.

Kuhusu hao wazee watatu mliowachora, msiitupe ile karatasi. Wapelekeeni wenyewe, au familia zao, nyumbani, mkawaambie ni zawadi. Mkifika kwa yule anayeitwa mkuja muulizeni alishukia stesheni au alikuja kwa gari.

Mkishaweka ile nailoni nipigieni picha ya ukuta upande wa chini, mchana, sio usiku na flashi, nione chumvi imefika urefu gani.